Nina dola 600 kabatini, mshahara ni wa shilingi: nianzie wapi?

Kibubu_Tanga
Wakuu salaam. Naomba shule ya pesa, ile ya darasa la kwanza kabisa. Hali iko hivi.

Mshahara unaoingia mkononi ni 850,000 kwa mwezi. Kodi ya chumba, chakula, nauli, umeme na ada ya mdogo wangu vinakula kama 620,000. Nina mkopo wa simu wa 200,000 unaojizungusha kila mwezi, riba asilimia 9 kwa siku 30. Nina dola 600 taslimu, noti mchanganyiko. Na dada yangu aliyeko Muscat ananitumia rial 40 kila mwezi nimwekee, anataka kujenga baada ya miaka mitatu.

Dola nizitunze au nizibadilishe? Kila mtu ananiambia shilingi inashuka tu. Halafu, njia ipi ya kutuma hizo rial haitukati sana? Na hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), mtu wa kipato changu anaziweza?

Karani_Mstaafu
Kabla ya dola, angalia namba zako mwenyewe. 850,000 toa 620,000 inabaki 230,000. Mwenye ziada ya 230,000 hakopi 200,000 kila mwezi. Hesabu haifungi, maana yake kuna matumizi hukuyaandika.

Omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu kwenye mtandao wako wa simu, kisha pitia mstari kwa mstari na kalamu ya rangi. Mara nyingi pesa inayopotea iko sehemu tatu: makato ya kutuma na kutoa kidogo kidogo, vifurushi, na michango ya harusi na misiba. Michango si ya kukwepa, ila itengewe fungu lake la mwezi. Likiisha, ahadi inasogea mwezi ujao.

Mkopo wenyewe: asilimia 9 ya 200,000 ni 18,000 kwa mwezi, 216,000 kwa mwaka. Unalipa riba kubwa kuliko deni lenyewe, na mwisho wa mwaka deni bado liko palepale. Hakuna hatifungani wala dola itakayokulipa kwa kasi hiyo. Noti moja ya dola 100 inamaliza deni lote. Ibadilishe wiki hii.

Kaunta_No3
Naongezea kwenye kubadilisha, maana hapo wengi hukosea kusoma ubao wa bei kwenye duka la kubadilisha fedha. "Kununua" na "Kuuza" zimeandikwa kwa upande wa duka, siyo wako. Ukienda na dola, bei yako ni ya Kununua, ambayo siku zote ni ile ndogo.

Mfano ubao unasema Kununua 2,440, Kuuza 2,520. Noti yako ya 100 inakupa 244,000. Ungenunua dola 600 asubuhi na kuzirudisha jioni bei zikiwa zilezile, ungepoteza 80 kwa kila dola, yaani 48,000, zaidi kidogo ya asilimia 3. Ndiyo maana kuingia na kutoka kwenye dola kila unaposikia tetesi ni kumlisha mwenye duka.

Kabla hujatoka nyumbani fungua tovuti ya Benki Kuu, wanaweka viwango kila siku ya kazi. Pata bei ya katikati (nusu ya njia kati ya Kununua na Kuuza), kisha linganisha maduka mawili au matatu na benki moja. Nenda na kitambulisho na udai risiti. Wa mtaani anayekuongezea shilingi ishirini kwa dola hana risiti, na noti bandia ikigundulika baadaye ni yako.

Msafiri_254
Kwa hilo la "inashuka tu", tazama huku Kenya. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Watu wakakimbilia kununua wakidhani inaelekea 200. Februari serikali ikapata pesa za kulipa Eurobond (deni la dola ililokopa kwenye soko la nje) iliyokuwa inaiva Juni, na kufikia Aprili dola ilikuwa imerudi kwenye 130 hivi. Aliyenunua kwa 160 akauza kwa 130 alipoteza karibu asilimia 19, bado hujahesabu tofauti ya kununua na kuuza.

Kaunta_No3
Na kwetu vilevile. Mwaka 2024 dola ilipita 2,600 na kuendelea kupanda, halafu Desemba ikashuka hadi jirani na 2,400. Kwa miaka mingi mwelekeo ni shilingi kupungua thamani, hilo kweli. Lakini ndani ya mwaka mmoja inaweza kwenda kokote, na ada ya shule haisubiri.

Kanuni ninayoifuata: akiba ikae kwenye sarafu ya matumizi yake. Kodi, chakula na nauli zako ni shilingi, basi akiba ya dharura iwe shilingi. Dola zina maana kama una safari, ada ya nje au bidhaa ya kuagiza. Kama huna, dola kabatini hazizai kitu, na hata Marekani bei hupanda, kwa hiyo nazo zinaliwa polepole.

Bi_Ruwi
Nijibu la Muscat. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola kwa kiwango kilekile tangu 1986: rial moja ni dola 2.6008. Kwa hiyo dada yako akiweka akiba kwa rial ni sawa na kuweka kwa dola.  Dola ikiwa 2,480 bei ya katikati, zidisha kwa 2.6008, unapata 6,450 kwa rial. Hiyo ndiyo rula yenu.

Gharama ya kutuma ina sehemu mbili, ada na kiwango, na wengi hutazama ada tu. Chukua kampuni A: ada rial 2, kiwango 6,300. Kampuni B: "hakuna ada", kiwango 6,150. Kwa rial 40 thamani halisi ni 258,000. A inakupa 38 mara 6,300, yaani 239,400. B inakupa 246,000. Hapo B inashinda, ingawa nayo imeshakata 12,000 kimyakimya. Sasa weka rial 200: A inatoa 1,247,400, B 1,230,000. Zinakutana kwenye rial 84. Chini ya hapo B, juu yake A. Viwango hubadilika kila siku, kwa hiyo fanyeni hesabu hii upya kwa namba za siku hiyo.

Msisubiri miezi mitatu ili mtume 120 kwa pamoja. Kwa namba hizi mngeokoa 5,400 tu. Swali la kuuliza dirishani ni moja: nikikupa rial 40 kamili, mpokeaji anapata shilingi ngapi mkononi? Na upande wa kupokea, pesa ikiingia kwenye simu kuna makato ya kutoa. Ikiingia benki moja kwa moja unaikwepa hiyo.

Kibubu_Tanga
Nimewaelewa sana. Kuna jambo sikulisema: mwenye nyumba mpya ninayotaka kuhamia anataka kodi kwa dola. Na hiyo akiba ya dharura iwe kiasi gani, ikae wapi?

Karani_Mstaafu
Kodi kwa dola haipo tena. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Mwambie aandike mkataba kwa shilingi, na uhakikishe hauna kipengele cha "sawa na dola kadhaa kwa bei ya siku". Hicho ni mlango wa nyuma.

Dharura: miezi mitatu ya matumizi, 620,000 mara tatu, yaani 1,860,000. Ukihama kodi ikabadilika, badilisha namba hii pia. Mwezi mmoja ukae benki mahali unapoweza kutoa usiku. Miwili inayobaki weka kwenye mfuko wa pamoja (pesa za wengi zinawekezwa kwa pamoja) wa aina ya ukwasi, yaani unaotoa pesa mapema, kama ule wa kampuni ya uwekezaji ya UTT AMIS. Pesa hutoka ndani ya siku chache za kazi, siyo papo hapo, na faida si ya kuahidiwa. Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana hulipa hadi 7,500,000 kwa mteja. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba, hakina kinga hiyo. Kikoba ni kizuri kwa nidhamu, lakini dharura haingoji siku ya kuvunja.

Mnada_Tu
Hatifungani: kiwango cha chini ni 1,000,000. Unafungua akaunti maalumu ya dhamana kupitia benki au dalali wa soko la hisa, unahitaji kitambulisho cha taifa (NIDA) na akaunti ya benki, kisha unajaza fomu ya mnada, ambako hatifungani huuzwa kwa wanaotaja bei, kabla ya siku yenyewe. Riba huingia kila miezi sita. Hatifungani ya 1,000,000 yenye riba ya asilimia 12 inalipa 60,000 mara mbili kwa mwaka.

Wageni huumia kwenye bei. Bei huandikwa kwa kila 100. Ukiandika 103 ukashinda, unalipa 1,030,000, riba inabaki 60,000 na mwisho unarudishiwa 1,000,000. Ukiandika chini mno, ombi linakataliwa na pesa inarudi bila kuzaa. Mwombe dalali akuonyeshe matokeo ya mnada uliopita wa muda huohuo uone bei ya wastani.

Kwa pesa ya dada: kujenga ni baada ya miaka mitatu, kwa hiyo msivutwe na riba ya miaka 20 au 25. Kuuza kabla ya muda inawezekana, ila riba za sokoni zikiwa zimepanda utauza kwa hasara, na mnunuzi huenda akachelewa kupatikana. Tazameni ya miaka 2, au iacheni pesa kwenye mfuko. Kwa 246,000 kwa mwezi atafika milioni mwezi wa tano. Na akaunti iwe kwa jina lake, siyo lako. Ukifariki kabla yake, itahesabiwa mirathi yako.

Kaunta_No3
Umesema noti zako ni mchanganyiko. Zitenge kabla hujatoka: 50 na 100 hupata bei nzuri, za 20 kushuka chini hupewa bei ndogo zaidi. Zenye mwaka wa toleo kabla ya 2009 maduka mengi huzikataa au kuzikata bei. Mwaka uko upande wa mbele, karibu na picha. Zilizochanika, zenye mhuri au maandishi ya kalamu usiziunge na gundi, zipeleke benki uwaulize. Anza kuondoa hizo ndogo na za zamani, noti safi za 100 ndizo ubaki nazo mwisho.