Tupeane uzoefu: utani na kusemezana kwa tunaofanya kazi mtandaoni

Mwenye mada, Langoni (Lamu)
Asalaam aleikum wandani. Huu mwaka wa tatu nahudumia wateja nikiwa nyumbani, wenzangu wako Nairobi na Uingereza. Mwaka wa kwanza niliumaliza kwa woga. Umeme ukipotea nasema naumwa, nikichelea kuonekana mtu asiyetegemeka.

Aliyenifungua kinywa ni punda. Zamu yangu ya kusema kikaoni imefika, punda wa mchanga akasimama chini ya dirisha akalia mpaka pumzi ya mwisho. Kimya. Bosi akauliza, "Huyo naye ana hoja?" Tukacheka sote. Nikawaeleza kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari, mchanga na saruji hubebwa na punda. Wakazidi kuuliza, nami nikatoa yote: kuta nene za mawe ya matumbawe zinazonilazimu kupanda darini nitafute mtandao, umeme, na hasa saa. Wenzetu wa Uingereza husogeza saa mbele mwisho wa Machi na kuzirudisha mwisho wa Oktoba, sisi hatuzigusi. Kikao changu cha saa sita mchana kilikuwa kimegeuka cha saa tano, hakuna aliyeniambia, nikakikosa, na nikanyamaza nacho moyoni. Siku hiyo hiyo ratiba ikaandikwa upya kwa saa za Kenya.

Nyinyi je?

Binti wa Maweni (Malindi)
Kwangu utani uliumiza. Dada mmoja wa kikundi chetu alichelewesha kazi, nikamwandikia mbele ya wote, "Wewe umelala au umehama nchi?" Ana kwa ana angeniona ninavyocheka. Kwenye maandishi aliona shutuma tu, na kumbe alikuwa anauguza mamake. Siku nne hakunijibu. Nilimtumia ujumbe wa sauti nikamwomba radhi, tukalia wote wawili. Tangu hapo utani wangu na yeye ni kwa sauti, na kabla ya kumuuliza kazi namuuliza nyumbani kukoje.

Mzee wa Casuarina (Malindi)
La kwangu fupi. Bosi Mtaliano anayejifunza Kiswahili aliniandikia "tukutane saa 8". Akakusudia asubuhi, mimi nikaingia baada ya adhuhuri. Sasa tunaandika "saa mbili asubuhi" kwa maneno, kamili.

Kijana wa Shela (Lamu)
Mimi natokea upande mwingine: nilikuwa nachekwa. Kila nikisema "ndia" badala ya "njia", kikao kizima kinarudia. Mara ya kwanza nilicheka nao. Mara ya kumi nikaanza kuzima sauti na kuchangia kwa maandishi. Watani wa kweli hutaniana kwa zamu, na mimi sikuwa na zamu. Nilimpigia simu faragha aliyekuwa akianzisha, nikamwambia hicho ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ndicho alichonilea nacho nyanyangu. Akanyamaza kidogo, akasema hakujua. Kikao kilichofuata alinitaka radhi mwenyewe, bila kuagizwa. Siku hizi akikwama kazini huniuliza, "Ndia iko wapi?" na hapo nacheka kwa moyo.

Mwenye mada
Mwandani wa Shela, hilo la kumpigia mtu faragha nimelishika. Nina mwenzangu wa Nairobi amepoa tangu juma lililopita, na nahofia ni neno langu. Nampigia leo baada ya alasiri.