Tupeane uzoefu: umewahi kuishi na mtu mwenye tatizo la haiba?

Mleta mada, Nkuhungu
Habari zenu wakuu. Hapa Dodoma mtu akishindikana utasikia "huyo apelekwe Mirembe". Hospitali ile ya magonjwa ya akili ipo tangu 1927, na bado wengi tunaitaja kwa matani tu.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 26. Tangu sekondari, mchumba akichelewa kujibu meseji basi anaona ameachwa. Asubuhi mimi ni dada asiye na mfano, jioni ni adui yake mkubwa. Hasira zikimpanda anavunja vyombo, zikishuka analia na kuomba radhi, na radhi ile ni ya kweli kabisa. Alipoanza kujikata mikono tukampeleka hospitali.

Daktari hakushughulika sana na ugomvi wa wiki ile. Aliuliza ya miaka ya nyuma: shuleni alikuwaje, marafiki, kazi, mapenzi. Matatizo haya ya haiba ni namna ya kufikiri, kuhisi na kuhusiana na watu iliyoota mizizi tangu ujana, inajitokeza kila mahali na inaumiza. Yapo ya aina kadhaa. Hili la mdogo wangu, kwa Kiingereza "borderline", lina dalili tisa, na daktari huangalia kama mtu anazo angalau tano: hofu ya kuachwa, uhusiano wa kupanda na kushuka, kujiumiza, kuhisi utupu ndani, hasira kali na nyinginezo.

Kidonge cha kuliondoa hakuna. Dawa husaidia pale panapokuwa na sonona au wasiwasi, ila tiba yenyewe ni mazungumzo. Anayofuata yeye ilibuniwa na Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani: anafundishwa kutuliza hisia, kuvumilia maumivu bila kujidhuru, na kuomba jambo bila kugombana. Inakwenda polepole, lakini inakwenda.

Karibuni, nyie mnaishije nao?

Mchangiaji, Kongwa
Baba mkwe haamini mtu. Majirani wakicheka njiani, wanamcheka yeye. Mpima karanga anamwibia, kibarua anamwibia, watoto wanangoja afe. Mke wangu anasema tangu utotoni alimkuta baba yake hivyo hivyo. Sibishani na mzee. Nampelekea hesabu imeandikwa, anaikagua mwenyewe, tunakunywa chai.

Mchangiaji, Makole
Shemeji yetu alikuwa anakopa kwa jina la dada, anadanganya, anapiga, na hana chembe ya majuto. Sijui kama ni ugonjwa. Dada tulimrudisha nyumbani na watoto.

Mleta mada
Mlifanya vyema sana. Hata tabia yake ingekuwa na jina hospitalini, kipigo hakivumiliwi. Na jina lenyewe tumwachie daktari, tusianze kuwagawia mashemeji.

Mchangiaji, Singida
Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema. Nilikataa cheo kwa sababu ningesimamia vikao. Mtu akinikosoa kidogo sirudi tena mahali pale. Natamani sana watu, ila nina uhakika watanikataa, hivyo nawahi kuondoka mimi. Nyumbani wanasema naringa. Naanzia wapi?

Mleta mada
Asante kwa kusema, ndugu yangu. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili. Andika kwenye karatasi haya uliyotuandikia, na yalianza ukiwa na umri gani. Ukikwama kuongea mbele ya daktari, mpe karatasi asome.