Naombeni ushauri: jedwali la vihatarishi la mradi wa nyumba Mji Mkongwe, kikao ni Jumatatu

MwanaKiponda
Asalaam alaykum ndugu zangu. Nimepewa usimamizi wa mradi kazini kwa mara ya kwanza na tokea juzi silali vizuri. Kampuni imekodi nyumba ya zamani Mji Mkongwe, chini na ghorofa mbili, tuifanye ofisi na vyumba sita vya wageni. Miezi saba, milioni 180. Jumatatu ndiyo kikao cha kufungua mradi na bosi anataka jedwali la vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuukwamisha mradi: kila kihatarishi, uwezekano wake, athari yake, na nani atakibeba. Mpaka sasa ninavyo hivi: mvua za masika, Ramadhani kuingia katikati ya kazi, umeme, vifaa kuchelewa bandarini, dola kupanda. Je, vitano vinatosha au nifikishe kumi? Na uwezekano niuandike kwa namba au niseme tu mdogo, wa kati, mkubwa?

Kaskazi_Upepo
Waalaykum salaam. Namba. Moja hadi tano, zidisha uwezekano kwa athari, panga kuanzia kubwa. Na kila kimoja kiwe na jina la mtu. Ukiandika "ofisi itafuatilia", hakuna atakayefuatilia.

Ami_Barafu
Umeme usiuweke mwisho, mwanangu. Mie nilikuwa nauza barafu na samaki wa kugandisha Darajani. Mwaka 2008 umeme ulikatika Unguja kama mwezi mzima, nikala hasara, nikasema balaa kama hili halirudi mara mbili. Sikununua jenereta. Disemba 2009 ukakatika tena, ukarudi 2010 baada ya miezi mitatu hivi. Friza mbili zimejaa nguru na changu, joto la kaskazi, tuliwagawia majirani mpaka paka wakachoka kula. Mambo yakishakutokea mara moja ndiyo uyape namba kubwa, si ndogo.

MwanaKiponda
Ahsante ami, pole sana. Umeme nimeupandisha hadi nne.

FundiChokaa
Dada, orodha yako yote ni mambo ya nje: mvua, meli, dola. Nyumba yenyewe hukuitaja. Mkandarasi nani? Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kimetoka? Kuna mtu kazikagua kuta?

MwanaKiponda
Mkandarasi yupo, mzoefu. Kibali kinashughulikiwa. Mie hasa nilitaka kujua mpangilio wa jedwali.

FundiChokaa
Kinashughulikiwa maana yake karatasi zimepelekwa au bado ziko kwenye mkoba wako? Na huyo mkandarasi keshalipwa?

MwanaKiponda
Zitapelekwa wiki ijayo in shaa Allah. Kalipwa asilimia arubaini, maana alitaka kununua saruji na nondo kabla bei haijapanda, na hiyo nayo ni kupunguza kihatarishi. Kajenga nyumba nyingi Fuoni na Mwanakwerekwe, zote zimesimama. Nasema mapema kabla hamjaniuliza: ni mume wa dada'angu. Lakini sikumleta kwa undugu, nimemleta kwa kazi yake.

BiMkubwa_Mkunazini
Mwanangu, akipenda chongo huita kengeza. Marehemu mume wangu alimpa kakaake kazi ya kutuchimbia choo. Mpaka leo hawasemeshani watoto wao. Pesa ya ofisi ni amana, utaulizwa hapa na utaulizwa kesho kwa Mola wako. Mwambie bosi wako leo kwamba ni shemejio, kabla hajaambiwa na mwengine.

Kaskazi_Upepo
Bi Mkubwa kasema kweli. Kihatarishi cha kwanza kwenye jedwali kiandike hivi: "mkandarasi ni shemeji wa msimamizi, kalipwa bila dhamana". Anayekibeba: wewe.

FundiChokaa
Mie nimefanya kazi za chokaa miaka ishirini na mbili, acha niseme la nyumba. Fuoni unajenga kwa matofali na saruji. Mji Mkongwe kuta ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zinabebwa na boriti za mikoko. Umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya kule ni virefu na vyembamba? Boriti ni fupi, hazivuki zaidi ya hapo, kwa hiyo karibu kila ukuta wa ndani umebeba vichwa vya boriti pande zote mbili. Hakuna ukuta wa pambo. Ukipiga plasta ya saruji juu ya chokaa, unyevu na chumvi vinakwama ndani na ukuta unaoza huku nje unang'aa. Beit el Ajaib, lile jumba la zamani la sultani pale Forodhani, ilijengwa 1883, na 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa na mnara wa saa ilianguka ikiwa kwenye ukarabati. Wafanyakazi wawili walifariki. Sisi mafundi siku ile tulikaa Forodhani tunaangalia kifusi, hakuna aliyesema neno. Ndiyo maana nakuuliza habari ya kuta.

MwanaKiponda
Nimekuelewa fundi. Basi naomba kuuliza. Ukuta mmoja wa ndani kule chini ukiondolewa ili kupanua mapokezi, athari yake niipe ngapi?

FundiChokaa
Utaondolewa, au umeshaondolewa?

MwanaKiponda
Umeshaondolewa. Lakini kaweka bomba mbili za chuma, na anasema ukuta ulikuwa mwembamba tu.

MtuWaWete
Jamaani mnapoteza wakati. Huu uzi wa kutunga. Mwanzo kasema mradi unafunguliwa Jumatatu ijayo, sasa ukuta ushabomolewa na pesa ishatoka. Mradi gani unabomoa kabla haujaanza? Huyu mwanafunzi wa chuo anatafuta majibu ya asaimenti ya usimamizi wa miradi. Mara jedwali, mara uwezekano na athari, hayo ni maneno ya darasani. Fundi, usimpe elimu yako ya miaka ishirini na mbili bure.

Ami_Barafu
Kama asaimenti, basi na mie nataka maksi zangu za samaki.

Kaskazi_Upepo
Hata mie nimeanza kushuku. MwanaKiponda, jibu hilo la tarehe.

MwanaKiponda
Natamani ingekuwa asaimenti. Jumatatu ni kikao. Funguo nilikabidhiwa mie wiki mbili nyuma ili nipime vyumba. Shemeji akaniomba aanze kusafisha, akasema tukiwahi mwezi huu tutaikwepa masika. Nikampa funguo. Bosi hajui. Mlipoanza kuniuliza habari ya kuta nilitoka ofisini nikaenda kuangalia. Ghorofa ya kwanza, juu ya pale palipobomolewa, kuna ufa ambao mie sikuupiga picha nilipopima. Unaingia kidole cha mtoto. Ukuta wa upande huo tunachangia na jirani, na yeye ana watoto watatu wanaolala nyuma yake. Shemeji anasema nyufa zilikuwepo tokea zamani. Labda kweli zilikuwepo.

FundiChokaa
Labda. Kwa hiyo fanya hivi sasa hivi. Mafundi wote watoke ndani, hakuna kugusa kitu. Jirani aambiwe leo, kabla ya Magharibi, asilaze watoto upande huo. Ukitoka, changanya jasi kidogo, bandika kiraka juu ya ufa, kidogo huku kidogo huku, andika tarehe na saa. Ufa wa zamani uliotulia hauvunji kiraka. Hicho ni cha kukuonesha wewe. Jirani asisubiri kiraka.

MtuWaWete
Kama ni kweli, nitakuomba radhi. Fanya alivyosema fundi.

MwanaKiponda
Mafundi wametoka. Jirani nimemwambia mwenyewe, kanisikiliza kimya kisha akaanza kukunja magodoro. Kiraka nimeweka saa kumi na nusu jioni.

MwanaKiponda
Ni saa moja asubuhi. Kiraka kimekatika katikati. Nimempigia bosi nikamwambia yote: shemeji, asilimia arubaini, funguo, ukuta. Alinyamaza muda mrefu halafu akauliza kama kuna mtu yeyote ndani. Nikamwambia hakuna. Anakuja. Shemeji hapokei simu, dada kanipigia analia.

MtuWaWete
Nisamehe dada.

FundiChokaa
Nitumie mtaa kwenye ujumbe wa faragha. Nina boriti na mbao za kuegemezea, na vijana wanne wanaojua kuziweka. Msiingie mpaka nifike.