Mrejesho: Wanafunzi waliochanganya sura ya mbele na sura ya juu

Ndugu walimu, mwanzoni mwa muhula niliomba msaada kwa sababu wanafunzi wangu wa kidato cha pili, katika somo la uchoraji wa kiufundi, walikuwa wakiweka sura ya juu ya kifaa (yaani kinavyoonekana kikitazamwa kutoka juu) popote walipoona nafasi kwenye karatasi. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Nilifuata kwanza ushauri wenu wa kutumia katoni kama kielelezo: nilining'iniza ndani yake kipande cha sabuni ya mche nilichokichonga umbo la herufi L, nikachora sura ya mbele kwenye ukuta wa nyuma na sura ya juu kwenye sakafu, kisha nikaikunjua katoni mbele yao. Walipoona sakafu imelala chini ya ukuta, walielewa wenyewe kwa nini katika mfumo wa pembe ya kwanza (mpangilio ambamo kifaa huwa kati ya mtazamaji na ukuta kinapochorwa) sura ya juu huchorwa chini ya ile ya mbele, jambo nililolieleza ubaoni kwa wiki tatu bila mafanikio.

Rula za T (zenye umbo la herufi T, za kuchorea mistari ya mlalo) nilizochongesha kwa seremala ziliharibika, kwani mbao zilikuwa mbichi na zikapinda. Mwenzetu aliyenionya kuhusu mbao mbichi alikuwa sahihi. Haraka yangu ndiyo iliyoniponza.

Mistari iliyofichika (ya kingo ambazo mtazamaji hazioni) bado inawasumbua baadhi yao, na duara katika mchoro wa isometriki (unaoonyesha pande tatu za kifaa kwa pamoja) wengi wanalichora kama duara kamili, ilhali linapaswa kuonekana duaradufu, yaani kama duara lililobanwa. Hilo nitaliulizia upya.