Bunduki ya wenzo kwenye uwindaji wa leseni Uganda: ya zamani na ya kisasa zihesabiwe sawa?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Uwindaji ulipigwa marufuku Uganda mwaka 1979, ukarudi kwa majaribio mwaka 2001 kwenye mashamba ya mifugo yanayozunguka Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Wapo wawindaji wanaopenda bunduki ya wenzo, ile inayokokiwa kwa kushusha na kurudisha mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio. Huko Marekani soko lake limechangamka tena: kampuni ya Henry inaziuza kwa wingi, na kampuni ya Ruger ilipoinunua Marlin mwaka 2020 ilianza kuzitengeneza upya. Je, mwenye Winchester 94, bunduki ya wenzo ya babu yake, na mwenye Marlin mpya wapewe masharti yaleyale?

Mimi nasema hapana. Wengi wataanza kubishana kuhusu shabaha, lakini kinachonitia wasiwasi ni jinsi bunduki inavyopakuliwa.

Winchester 94, aliyoibuni John Browning, hubeba risasi ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kuzitoa ni lazima ukoki tena na tena, kila risasi ipite kwenye chemba, pale inapofyatuliwa, ndipo irukie juu. Kila ukikoki, nyundo inabaki nyuma, tayari kugonga. Mwishoni unaizuia nyundo kwa kidole gumba, unabonyeza kifyatulio, unaiteremsha taratibu. Kidole chenye jasho kikiteleza, na ukawa umehesabu vibaya, risasi iliyosalia inalia. Sasa hilo lifanyike uani kwa mfugaji aliyewakaribisha, watoto wamejaa kutazama bunduki ya mgeni!

Henry nyingi za leo unavuta bomba la ndani, unamimina risasi kiganjani kama njugu, unabaki na ile ya chemba tu. Browning BLR, nayo ya wenzo, unachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, basi. Marlin zimekuwa na kitufe cha kuzuia nyundo tangu miaka ya 1980. Hapa Uganda mwindaji anashuka na kupanda gari mara nyingi kwa siku, kwenye ardhi wanakoishi watu, kwa hiyo tofauti hiyo ni kubwa.

Afande Mstaafu

Kijana wangu, nimekusoma vizuri. Lakini mwenye darubini juu ya bunduki anajiona anaweza kupiga mita mia tatu. Akikosa, risasi inakwenda kwa ng'ombe wa nani? Ile Winchester ya zamani hutupa maganda juu, kwa hiyo darubini haina pa kukaa. Tena risasi zake zina ncha bapa, maana kwenye bomba ncha kali ingeelekea kwenye fataki ya risasi iliyo mbele, na bunduki ikiruka inaweza kuilipua. Ncha bapa hupoteza kasi upesi. Mwenye bunduki hiyo ananyemelea mpaka mita mia au pungufu, anaona vizuri kilicho nyuma ya mnyama. Uwindaji niliofundishwa ndio huo. Hao wa vyuma vipya wananunua uvivu.

Dada wa Kiruhura

Afande, na wewe kaka uliyeanzisha, sisi tunaokaa huko jirani na Ziwa Mburo tunaogopa kitu kimoja: nyati aliyejeruhiwa. Hakimbilii mbali. Anaingia kichakani, na kesho yake anayepita hapo na ndoo ni mama au mtoto. Hiyo .30-30, risasi ya Winchester 94, ni ya paa wa Marekani. Nchi kadhaa za Afrika hazikubali risasi yenye unene chini ya inchi .375 kwa wanyama hatari. Kabla hamjaulizana ya zamani au mpya, ulizaneni kama inamlaza nyati.

Mwanzisha mada

Afande, kwa heshima zote, la umbali nalikubali, ila siamini kwamba uzamani wa bunduki ndio unaolilinda. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipopita Entebbe na Kampala Desemba 1909 akielekea Nile, alikuwa na Winchester 1895 ya wenzo. Hiyo haina bomba; risasi hupangana wima kwenye kisanduku, na imetengenezwa kula hata zenye ncha kali. Ni bunduki ya zamani kabisa, lakini inapiga mbali. Na tangu katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Hornady inauza risasi zenye ncha laini ya plastiki, salama ndani ya bomba, kwa hiyo hata ile 94 yako imeongezewa umbali. Mita tuziandike kwenye masharti ya kibali, tusiitegemee ncha bapa itulindie ng'ombe.

Dada, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, na inaniongezea nguvu. Mwenye bunduki ya wenzo akitaka nyati, mara nyingi hukimbilia risasi nene ya .45-70. Risasi hiyo ni ya mwaka 1873, enzi ya baruti nyeusi. Zile kali zinazouzwa leo zimepimwa kwa chuma cha bunduki za kisasa kama Marlin. Ukizitia kwenye bunduki ya enzi ile inaweza kupasuka usoni pako. Mwenye ya kale atabaki na risasi hafifu, na hiyo hafifu ndiyo inayomwacha nyati wako kichakani.

Kwa hiyo msimamo wangu: ya zamani iruhusiwe kwa swala pala na ngiri, na ipakuliwe kabla ya kukaribia gari au nyumba. Kwa nyati isikubaliwe, hata mwenyewe awe na shabaha ya namna gani. Ya kisasa ikubaliwe kwa nyati ikiwa kipimo chake na risasi zake vinatosha, na yenye darubini iwekewe kikomo cha mita.

Afande, wewe umetembea ardhi ile kuliko sisi wote. Kikomo hicho ungekiweka mita ngapi?