Ofa ya mishahara ya marubani, kambi ya Mwanza: tukubali, turudi mezani au tusepe?

RubaniWaZiwani
Wakuu, salaam. Mimi ni rubani msaidizi wa ATR, zile ndege za abiria za mapanga mawili, kambi yangu Mwanza, kampuni naomba nisiitaje. Ijumaa tunapigia kura ofa ya mishahara. Naiweka hapa kama ilivyo, maana kwenye grupu letu la WhatsApp kila mtu anapiga kelele na hakuna anayepiga hesabu.

Kwa sasa tuna mshahara wa msingi, na juu yake posho ya shilingi 30,000 kwa kila saa ya kuruka. Saa 60 tunalipwa kila mwezi kwa uhakika, hata kama umeruka 35.

Ofa inasema posho ipande hadi 37,500. Msingi usiguswe kwa miaka 3. Saa za uhakika zishuke hadi 45. Ukisaini unapewa milioni 3 mara moja. Na atakayeondoka ndani ya hiyo miaka 3 anarudisha gharama yote ya mafunzo ya ndege, hata akiwa amebakiza mwezi mmoja.

Tukubali, tukatae turudi mezani, au kila mtu atafute pa kwenda? Mnasemaje?

DogoWaCaravan
Kubali kaka. Mimi narusha Caravan, kandege ka injini moja. Msimu wa watalii nashinda Seronera na Kogatende huko Serengeti, masika nashinda nyumbani Buswelu naangalia mvua. Saa za uhakika mimi nazisikia kwenu tu. Posho ikipanda robo nzima mtu anataka nini tena? Na hiyo milioni 3 ni kiwanja. Cha wapi sijui, ila ni kiwanja.

MhasibuNyegezi
Hiyo robo nzima ndiyo chambo, dogo. Tuhesabu.

Mwezi ukiruka saa 70, leo unapata 2,100,000, kwa ofa 2,625,000. Ziada ni 525,000. TRA wanachukua asilimia 30 ya kila kinachozidi milioni moja kwa mwezi, kwa hiyo kwenye ile ziada unabaki na kama 367,500, na NSSF hawajapita bado. Si haba.

Mwezi ukiruka saa 40, leo unalipwa zile 60, yaani 1,800,000. Kwa ofa unalipwa 45 kwa 37,500, yaani 1,687,500. Umepoteza 112,500 katika mwezi ambao umeambiwa umepandishiwa mshahara.

Mpaka uko kwenye saa 48. Juu ya hapo ofa inakubeba, chini ya hapo wewe ndiye unayeibeba kampuni. Sasa RubaniWaZiwani, Mwanza mnaruka chini ya 48 miezi mingapi kwa mwaka? Usinijibu kwa kukisia, toa rosta.

FundiKarakana
Niseme ya upande wetu wa spana. Kambi ndogo kama Mwanza, ndege moja ikiingia karakana na spea ikakwama forodhani, nusu ya marubani wanakaa stendibai wiki nzima. Kila mtu aliona Airbus A220 za ATCL zilivyokaa chini kwa sababu ya injini za PW1500G. Tatizo lilitoka kiwandani na likakumba mashirika mengi duniani, hakuna rubani aliyelisababisha. Zile saa 60 zina maana kwamba ndege ikilala, hasara ni ya mwenye ndege. Wakizishusha, wanawahamishia ninyi kipande cha hasara hiyo. Kwenye ofa wameiita nini? Nina hakika hawakuiita hivyo.

RubaniWaZiwani
Wameiita "kuoanisha malipo na tija."

FundiKarakana
Hahaha. Haya.

KepteniMstaafu
Wanangu, nimesoma hesabu ya Mhasibu, iko sawa. Mimi naongeza la chumba cha rubani.

Anayeruka Bukoba anaujua uwanja ule, ziwa hapo hapo, na asubuhi ya mvua wingu linaweza kukaa chini mpaka ukasirike. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani tulipoteza watu 19 kati ya 43 pale, marubani wote wawili wakiwemo. Siihusishi ajali ile na malipo ya mtu yeyote, msije mkaninukuu vibaya. Nasema tu kwamba ndege hizi zinataka kepteni anayeweza kutamka "tunarudi Mwanza" bila ada ya mtoto kumpitia kichwani. Safari ikifutwa, saa zake hazipo. Kadiri kipato chako kinavyotegemea saa, ndivyo kila safari iliyofutwa inavyokuuma mfukoni.

Ningekuwa mezani ningewaambia hivi: chukueni hiyo 37,500 yenu, nipeni 33,000, saa 60 zibaki, na kitu kiongezeke kwenye msingi. Na deni la mafunzo lipungue kila mwezi ninaofanya kazi. Mtu amerusha ndege yenu miezi 35 halafu anadaiwa kama ameingia jana?

DadaWaChama_Ilemela
Shikamoo kepteni. Mimi ni kiongozi wa tawi, sekta nyingine, ila sheria ni ile ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Kwanza, kukataa si kugoma. Mkikwama mnapeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wana siku 30 za usuluhishi. Mgomo unakuja baada ya hapo, kwa kura, na notisi ya saa 48 kwa mwajiri. Kuna mtu hapa atasema marubani ni huduma muhimu hawaruhusiwi kugoma. Kifungu cha 77 kinataja waongoza ndege na mawasiliano ya anga. Marubani hawamo kwa jina, ingawa usafiri unaohitajika kuendesha huduma zilizotajwa umo, kwa hiyo msiende bila mwanasheria.

Pili, na hapa ndipo watu hulala: mkataba wa pamoja ukishasainiwa unawabana, na kwa jambo lililomo ndani yake huwezi kugoma mkataba ukiwa bado hai. Saa 45 mkizikubali Ijumaa ni zenu kwa miaka 3.

Tatu, kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Posho haimo. Msingi ukigandishwa, hicho nacho kimeganda.

MtuWaRatiba
Marekani walishapita huku. Marubani wa shirika dogo la Comair waligoma siku 89 mwaka 2001, wakapata nyongeza. Mwaka 2012 mwenye kampuni, Delta, akaifunga. Wale wa American Eagle, ambayo sasa ni Envoy, walikataa ofa ya kubana malipo mwaka 2014, wakaambiwa ndege mpya zitapelekwa kwa wengine, mwaka uliofuata wakakubali mkataba mwingine. Halafu Juni 2022 hao hao Envoy wakatangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi anayeanza. Uongozi haukupata huruma ghafla. Marubani walikuwa wameadimika, na sheria yao ya kutaka rubani wa shirika la ndege awe na saa 1,500 za kuruka ilishafunga mlango wa kuokota vijana wa saa 250.

Kenya nao, Novemba 2022, marubani wa KQ, yaani Kenya Airways, waligoma siku chache, mahakama ikawarudisha kazini.

Kwa hiyo swali langu ni moja tu: kampuni yako ikikukosa, inakupata mwingine kwa muda gani?

DogoWaCaravan
Msaidizi? Kesho asubuhi. Mimi mwenyewe nitakuwa getini na CV.

KepteniMstaafu
Msaidizi ndiyo. Kepteni wa ATR hapana, huyo wanamsubiri miezi. Ndiyo maana makepteni wasipopiga kura pamoja na vijana hamna kitu mezani. Waulizeni wao kwanza, maana wao saa wanazipata na ofa hii inawapendeza.

MamaSangara_Mwaloni
Mimi abiria tu jamani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 kivuko tumekisahau, Geita naenda na kurudi mchana. Mkipandisha tiketi Bukoba nayo naifuata kwa barabara. Ila rubani mwenye njaa simtaki.

RubaniWaZiwani
Mama umenena, na uongozi nao wanatutajia daraja hilo hilo kila kikao.

Nashukuruni. Njia ya tatu naiondoa, sina saa za kutosha kwenda Ghuba na kuhama na familia kwa mkataba usioeleweka siwezi. Nimeegemea hapana, turudi na pendekezo la kepteni: 33,000, saa 60, deni lipungue kila mwezi. Kesho nakutana na makepteni wawili ambao najua watasema ndiyo, nianze nao. Kuna mwenzangu wa kambi hii humu mwenye rosta zote za mwaka jana? Zangu zina mapengo.

Mwenzako_T3
Ninazo hadi Septemba, nakutumia inbox. Oktoba tulibadilishiwa mara mbili, ichukue ile ya pili ndiyo tuliyoruka.