Kufunika wali kwa nailoni: ni kweli nawalisha wateja plastiki?

MamaWali_Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mama lishe hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Huu mwaka wa kumi na moja nipo na masufuria.

Nina kijana mteja wangu wa siku nyingi, anasoma chuo, chakula chake wali dagaa na maharage kidogo pembeni. Juzi aliwahi kuja, akanikuta ndiyo nafunua wali. Wanaopika wanajua: maji yakishakauka unatandaza nailoni juu ya wali, unaweka kifuniko, mvuke hautoki, wali unaiva mpaka juu na mkaa hauishi. Nilifundishwa na shangazi yangu, naye sijui alifundishwa na nani.

Akaniuliza, "Mama, hiyo nailoni ni kila siku?" Nikamjibu kila siku mwanangu, na hii ni mpya, nimeinunua leo asubuhi. Nilidhani anaulizia usafi. Akasema, "Basi mama unatulisha plastiki," akachukua chapati mbili akaondoka. Waliokuwa kwenye benchi wakasikia. Mmoja akaanza kuchambua wali kwa kijiko kama anatafuta mawe.

Mchana ule nilikasirika, usiku nikakosa usingizi. Kijana hana dharau, hajawahi hata kukopa. Jana nikamuuliza vizuri, akasema plastiki ndogondogo zisizoonekana zimo kwenye chakula, kwenye samaki wa ziwa letu, mpaka kwenye damu ya watu. Sasa mimi nauza samaki, nafunika kwa nailoni, na nyumbani nina mjukuu wa miezi minne anayekunywa maziwa ya kopo kwenye chupa ya plastiki, na anayemtengenezea ni mimi, kwa maji ya moto ya chupa ya chai. Niacheje, nianze na nini? Mwenye kujua aniambie kwa lugha ya kawaida. Nauza sahani 2,500, siwezi kununua vyombo vya hotelini.

Kichwa_Ngumu

Mama pika tuje tule. Marehemu bibi yangu alikula wali wa nailoni akafa na miaka 91, tena kwa kuteleza. Hawa wasomi waliwahi kusema tunakula plastiki uzito wa kadi ya benki kila wiki. Mimi kadi yangu ninayo, haina pesa lakini ipo.

Maabara_Jioni

Shikamoo mama. Niliwahi kufanya kazi kwenye maabara ya samaki hapo hapo Mwanza, kwa hiyo nianze na samaki, nailoni nitaifikia.

Maikroplastiki ni kipande cha plastiki kisichozidi milimita 5, kushuka hadi vile ambavyo jicho halivioni. Jina hilo lilishika baada ya mwaka 2004, pale Mwingereza Richard Thompson na wenzake walipolitumia kwenye jarida la Science. Kwa ziwa letu, ushahidi wa kwanza ulichapishwa 2016, na samaki wenyewe walinunuliwa hapo hapo Mwanza: sangara 20 na sato 20. Utumbo ulitolewa, ukayeyushwa kwa dawa, kilichosalia kikapimwa kwa mashine ya infraredi inayotambua hii ni plastiki ya aina gani. Kati ya kila samaki watano, mmoja alithibitika kuwa nayo tumboni, sangara na sato sawasawa. Kulikuwa na plastiki ya mifuko, kulikuwa na poliesta ya nguo. Mimi sikuwamo kwenye utafiti huo, lakini kazi za namna hiyo nazijua: tulikuwa tunakatazwa kuingia maabara na shati la poliesta, maana nyuzi za shati lako zinaangukia kwenye sampuli, halafu unaandika samaki ana plastiki kumbe ni wewe.

Sasa mama, wewe sato unampasua, utumbo unatupa. Umetupa sehemu iliyobeba mzigo mwingi. Dagaa ni habari nyingine, tunamla na kichwa na tumbo. Lakini usije ukaacha kupika dagaa kwa hofu hii. Kalsiamu na protini anayotoa kwa bei ile huipati kwingine, na mtoto anayekosa dagaa anaumia leo hii, si kwa makisio.

Nailoni ndiyo kesi yako hasa, na kijana hakukosea. Tunayoiita nailoni mara nyingi ni polithini. Imetengenezwa kufungia vitu, haikutengenezwa kulala juu ya mvuke nusu saa, huku ukingo wake umegusa sufuria iliyo juu ya mkaa. Joto, mafuta na muda: vikikutana hivyo vitatu plastiki inaachia chembe na kemikali zilizochanganywa ndani yake. Wali wako una mafuta, una joto, na unakaa. Nyeusi na za rangi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi ni plastiki iliyokwisha tumika ikayeyushwa tena, na huwezi kujua ilikuwa nini kabla ya hapo.

Kuhusu damu: Uholanzi mwaka 2022 walipima damu ya watu 22, wakaikuta kwa 17. Machi 2024 Waitaliano wakachapisha habari ya wagonjwa waliosafishwa mishipa ya shingo. Wagonjwa 257 walifuatiliwa, na kwa 150 kati yao uchafu uliotolewa kwenye mshipa ulikuwa na polithini. Katika muda wa kama miaka mitatu, hao walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kwa kiwango cha mara nne na nusu zaidi ya wenzao. Hiyo haithibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyowaua. Huenda wenye plastiki nyingi wana maisha tofauti na wenzao. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema ushahidi bado hautoshi kupima madhara yake kwa binadamu, na papo hapo likahimiza watu wapunguze kukutana nayo. Mimi nakubaliana nalo kwa yote mawili.

@Kichwa_Ngumu ile ya kadi ya benki, gramu 5 kwa wiki, ni hesabu ya 2019. Waliorudia hesabu baadaye walipata kiasi kidogo mno ukilinganisha na hicho. Na bibi yako, wali wa nailoni alianza kuula akiwa na miaka mingapi? Ujana wake alifunika kwa jani la mgomba.

Kichwa_Ngumu

Hapo kwenye jani umenipata mkuu. Nakaa pembeni.

NgoshaWaKarabai

Mwangaluka mayu, nakuamkia mama kwa Kisukuma. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nimeanza enzi za karabai, sasa tunatumia taa za sola. Leo ni mbalamwezi hatuingii ziwani, nina muda wa kuandika.

Watu wanadhani plastiki ziwani ni chupa za soda tu. Njooni muone kambi. Nyavu tunazotumia ni plastiki. Zile za timba, za uzi mmoja wa plastiki, zimekatazwa lakini zipo, zikichanika zinaachwa majini au zinachomwa mwaloni. Maboya tunachonga kutoka kandambili zilizokwisha, jua linazila mpaka zinatoka unga mkononi. Barafu inafunikwa na sandarusi. Dagaa wenyewe, wasioanikwa mchangani wanaanikwa juu ya nyavu chakavu, na nyavu chakavu ikipigwa jua miaka miwili inanyonyoka kama nywele za mzee. Halafu mvua moja ya masika, Mto Mirongo unashusha taka za mji mzima. Na juu ya mawe pale kina mama wanafua mitumba, povu linaingia ziwani na nyuzi zake.

Kuna jambo mzee mmoja wa Uganda aliniambia nikiwa kisiwani, sijalisahau. Ziwa hili lina mito mingi ya kuingia na wa kutoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Maji mengi yanaondoka kwa kupaa na jua. Plastiki haipai.

Mwaka 2021 walipita huku na lile jahazi lililojengwa kwa plastiki na kandambili, Flipflopi, lililotoka Lamu. Watoto walilifurahia sana. Sisi wavuvi tuliuliza linabeba tani ngapi za dagaa.

Mayu, kwa dagaa nakushauri nunua walioanikwa kwenye chanja, walio wasafi. Bei iko juu kidogo, lakini hutachambua mchanga. Kabla hujakaanga oshea maji mawili matatu. Cha tumboni hakitoki, ila kilichoshika ngozi kinaondoka.

MamaWali_Kirumba

Asanteni sana, wote. Ngosha umenichekesha na hizo nywele za mzee.

Niseme ukweli hapa maana hakuna anayenijua. Nailoni ya jana siitupi. Ndiyo ninayowashia mkaa wa leo. Alfajiri naikunja, naitia kiberiti, inadondokea kwenye mkaa inashika haraka. Na hapo ndipo ninapoinama kupuliza. Hilo nalo lina shida?

Pili, maji ya chupa. Kama samaki wana plastiki basi niwauzie wateja maji ya chupa badala ya ya jagi?

Maabara_Jioni

Mama, afadhali umesema. Kama ungeniambia nikuchagulie moja tu la kuacha, ningekwambia acha hilo la kuwashia mkaa, kabla hata ya kufunika wali. Chembe kwenye wali watu bado wanabishana zina madhara kiasi gani. Moshi wa plastiki haubishaniwi. Ukichoma plastiki kwa moto mdogo wa jikoni haiungui ikaisha, inatoa masizi na sumu, na baadhi ya plastiki hutoa sumu kali iitwayo dioksini. Wewe unaipuliza ukiwa umeinamia, miaka kumi na moja, kila alfajiri. Unakohoa asubuhi?

Maji ya chupa si dawa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walipima maji ya chupa wakahesabu wastani wa vipande 240,000 kwa lita, karibu vyote vidogo kuliko maikroplastiki ya kawaida. Chupa yenyewe na vichujio vya kiwandani ndivyo vinavyotoa. Chemsha maji yako, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba, weka kwenye mtungi au sufuria. Kuna Wachina waliochemsha maji magumu, yale yenye chokaa, wakaona chembe zinakwama kwenye ukoko mweupe wa chini, ukichuja unaziondoa hadi asilimia 90. Kwa maji laini unaziondoa chache, kama robo hivi. Lakini kuchemsha unahitaji kwa sababu ya kipindupindu na taifodi, basi hii ichukue kama nyongeza ya muuza duka.

MamaPacha_Tabora

Naomba nijibu la mjukuu, maana nimelea pacha kwa chupa na mimi ni muuguzi.

Mama, chupa nyingi za watoto ni za polipropilini, aina mojawapo ya plastiki. Mwaka 2020 watafiti wa Ireland walipima, wakaona ukitikisa maji ya moto ndani yake zinaachia chembe kwa mamilioni, nyingine hadi milioni 16 kwa lita, na maji yakizidi kuwa ya moto ndivyo zinavyoongezeka. Lakini usikimbilie maji ya baridi! Maziwa ya unga hayana usalama wa asilimia mia, maji yanatakiwa yawe ya nyuzi joto 70 au zaidi yaue wadudu. Mtoto wa miezi minne kuharisha ni hatari kuliko chembe yoyote.

Fanya hivi. Chemsha chupa kama kawaida, kisha isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Maziwa usikorogee ndani ya chupa. Korogea kwenye kikombe cha bati au bilauri ya kioo, na maji yako ya moto, kwa kijiko safi. Yakipoa mpaka ukidondoshea upande wa ndani wa kifundo cha mkono hushtuki, ndipo umimine kwenye chupa. Usiitikise kwa nguvu. Au mnyweshe kwa kikombe kabisa. Siku hizi tunawafundisha kina mama kikombe, mtoto anajifunza, na chupa yenyewe kuosha chuchu yake ni kazi.

Binti yako akiweza kukamua ya kwake kabla ya kwenda kazini, akamue. Sisemi kwa kumlaumu, najua mabosi walivyo.

MamaWali_Kirumba

Wakuu nimerudi, ni wiki mbili na siku.

Mkaa sasa nawashia vibanzi vya mbao, navichukua bure kwa seremala nyuma ya kibanda, namlipa kwa chai. Macho hayawashi tena alfajiri. Kikohozi, ndiyo, nilikuwa nacho, nilidhani ni vumbi la barabara. Bado kipo ila kimepungua. MamaPacha kaniandikia pembeni nikapime kifua, nitaenda Jumatatu.

Wali. Siku ya kwanza nilitumia kifuniko peke yake, wali wa juu ukabaki na kiini, nikaurudishia maji ukawa bokoboko. Nilipata hasara ya kilo tatu. Siku ya pili nikaweka kitambaa cha pamba, kikanywa mvuke wote. Siku ya tatu nikakumbuka maneno ya jani, nikaenda sokoni kwa wauza ndizi wa kutoka Bukoba, wanatupa majani kila siku. Nikafunika kwa jani, kifuniko juu, nikapalia mkaa juu ya kifuniko. Ukaiva mpaka juu, na una harufu nzuri. Mkaa umeongezeka kama debe moja kwa wiki, sitawadanganya, sahani bado 2,500 nasikilizia.

Yule kijana amerudi. Hakusema kitu, alikula, akaongeza nusu.

Chupa ya mtoto ndiyo bado tunabishana na binti. Kikombe hataki, anasema mtoto anamwaga.

NgoshaWaKarabai

Mayu, kambini huku wapishi wetu nao wanafunika ugali kwa sandarusi, nimewasomea hii wakanicheka, lakini mmoja anauliza. Hilo jani ni la mgomba wa matoke au wa ndizi za kuiva? Akiliweka linapasuka.

MamaWali_Kirumba

Lolote tu. Alipitishe kwanza juu ya moto, litabadilika rangi lilainike, halafu auchane ule uti wa katikati. Upande unaong'aa ulale kwenye ugali.